Bastola ndani ya gari-nyumba: uchambuzi wa kisa cha familia moja iliyosafiri kutoka Texas kuelekea Maine

Kisa hiki kinahusu familia ya Waafrika Mashariki waishio Texas ambao, katika majira ya kiangazi, walifunga safari ya kwenda Maine kwa gari-nyumba, yaani gari kubwa la safari lenye vitanda, jiko na choo, ambalo Wamarekani hulifupisha RV. Ndani yake mlikuwa na bastola moja iliyomilikiwa kihalali. Majina, miji midogo na tarehe vimeondolewa, na mambo machache ya nyumbani yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mambo ya kisheria yameachwa kama yalivyokuwa wakati huo. Kinafaa kusomwa kwa makini kwa sababu familia hii ilikuwa imejiandaa kuliko wasafiri wengi, na bado ikaponea chupuchupu, kwa sababu ya droo ya kando ya kitanda.

Usuli wa wahusika na silaha

Bwana M. ana umri wa miaka hamsini na kitu, na sehemu kubwa ya maisha yake ya Marekani ameipitisha akiendesha malori ya masafa marefu. Ni mkaazi wa kudumu mwenye grini kadi; muda wa kuomba uraia alikwisha kuutimiza zamani, ila alikuwa hajapeleka maombi. Mkewe, Bi. S., ni muuguzi na tayari ni raia. Pamoja nao alikuwamo mtoto wa kaka yake Bi. S., mwanafunzi wa chuo aliyeingia nchini kwa viza ya masomo, ambaye hapa ataitwa Kijana.

Tofauti hizi tatu za ukaazi zina uzito mkubwa katika kisa hiki. Sheria ya shirikisho humruhusu raia kumiliki silaha, na humruhusu pia mkaazi wa kudumu. Aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo au ya matembezi, hukatazwa na kifungu cha 922(g)(5)(B) kuwa na silaha au hata risasi peke yake, isipokuwa anapokuwa na mojawapo ya ruhusa chache zilizotajwa na sheria, ambayo maarufu zaidi ni leseni halali ya uwindaji. Adhabu ya juu ya kuvunja kifungu hicho ilikuwa miaka 10 gerezani, ikapandishwa hadi 15 kwa sheria iliyopitishwa Juni 2022.

Bastola yenyewe ilikuwa ya milimita 9, iliyonunuliwa katika duka lenye leseni mjini kwao baada ya Bwana M. kujaza fomu ya shirikisho na kuandika humo namba yake ya ukaazi, kama inavyotakiwa kwa asiye raia. Ilikuja na magazini mbili, yaani vibebeo vya risasi vinavyochomekwa ndani ya bastola, kila moja ikibeba risasi 15. Muuzaji alimshauri achukue risasi zenye tundu kwenye ncha, ambazo hutanuka zinapopiga na kwa hiyo ni vigumu zaidi kupenya ukuta na kumdhuru aliye chumba cha pili. Kwa nyumba ya Texas ushauri huo hauna kasoro. Bwana M. alikuwa pia na kibali cha Texas cha kubeba silaha. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 wakazi wengi wa Texas waliotimiza miaka 21 hawahitaji kibali ili kubeba bastola ndani ya jimbo lao, lakini yeye aliendelea kukihuisha kwa kuwa yapo majimbo mengine yanayokitambua, na kwa msafiri hiyo ni faida ya kweli.

Gari lao lilikuwa la aina yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Kiti cha dereva, meza, jiko na kitanda cha nyuma vyote vimo katika chumba kimoja kisicho na mlango wa kutenganisha. Nje, chini ya sakafu, kuna stoo za pembeni ambazo hufunguliwa kwa ufunguo na ambazo mtu aliye ndani hawezi kuzifikia bila kushuka.

Mpango wa awali

Njia waliyoichagua ilipita barabara kuu ya I-30 hadi Arkansas, I-40 kuvuka Tennessee, kisha I-81 kupanda bonde la Virginia. Hadi hapo hapakuwa na tatizo, kwa sababu majimbo hayo ama yanatambua kibali cha Texas ama hayadai kibali. Baada ya Virginia, I-81 hukatiza kipande kifupi cha West Virginia, halafu kilomita zipatazo 19 tu za Maryland, kabla ya kuingia Pennsylvania. Kutoka huko wangeshika I-84 kupita New York, Connecticut na Massachusetts, kisha New Hampshire na hatimaye Maine, majimbo mawili ambayo mtu mzima aliye huru kumiliki silaha haulizwi kibali.

Maryland, New York, Connecticut na Massachusetts hazitambui kibali cha Texas. Kilomita 19 za Maryland huchukua muda mfupi kuliko kupika chai, lakini kwa mwenye bastola iliyojaa kiunoni zinatosha kumfikisha mahakamani. Kwa majimbo haya familia ilitegemea sheria ya shirikisho ya 1986 ya kulinda wamiliki wa silaha, hasa kifungu cha 926A. Kifungu hicho kinasema kwamba mtu asiyekatazwa kumiliki silaha anaweza kuisafirisha kutoka mahali anaporuhusiwa kuwa nayo na kuibeba hadi mahali pengine anaporuhusiwa vilevile, hata kama katikati kuna jimbo linalokataza, ilimradi silaha haina risasi ndani, na silaha pamoja na risasi hazifikiki moja kwa moja kutoka wanapokaa abiria. Kwa gari lisilo na sehemu iliyotenganishwa na dereva, kama lilivyo gari-nyumba la aina hii, sheria inataka vitu hivyo viwe ndani ya chombo kilichofungwa kwa kufuli, na inasema wazi kwamba droo ya dashibodi na kisanduku cha katikati ya viti havihesabiki kuwa chombo hicho.

Bi. S. ndiye aliyesoma maneno ya kifungu. Wakanunua sanduku gumu la kufuli kwa ajili ya bastola na lingine kwa ajili ya risasi, yote mawili ya kuwekwa katika stoo ya nje upande wa nyuma. Walikubaliana kwamba kubadilisha hali ya silaha, yaani kuitoa risasi na kuifungia, kutafanyika Virginia, siyo mpakani kwenye giza la kituo cha mafuta. Wangelala Pennsylvania, na siku ifuatayo wangevuka New York, Connecticut na Massachusetts kwa mkupuo mmoja, wakisimama kwa mafuta tu. Kijana alipendekeza wapitie Niagara wakaone maporomoko kutoka upande wa pili. Wakakataa, kwa kuwa Kanada ina masharti yake makali kuhusu bastola na ilikuwa imezidi kuyakaza mwaka 2022.

Kama mpango wa karatasi, ulikuwa mzuri. Una mapengo mawili ambayo hakuna aliyeyaona wakati huo. Hakuna aliyeandika ni vitu vingapi vinavyopaswa kuingia katika masanduku yale, na hakuna aliyeuliza Kijana ana nafasi gani ndani ya gari lenye bastola.

Mfuatano wa matukio

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Usiku bastola iliyojaa ilikaa katika droo ya kando ya kitanda cha nyuma, na magazini ya pili ikiwa kwenye kifuko cha kitambaa cheusi kando yake. Mchana ilibaki humohumo. Tennessee, Bwana M. alipochoka, Kijana alishika usukani kwa saa kadhaa.

Usiku wa mwisho wa Virginia walilala katika kambi ndani ya hifadhi ya taifa. Hili lenyewe halikuwa kosa: tangu Februari 2010 mtu anaweza kuwa na silaha katika hifadhi za taifa kwa kufuata sheria ya jimbo husika, ingawa majengo ya serikali ndani ya hifadhi, kama ofisi za kupokelea wageni, yanabaki kuwa marufuku. Kabla ya alfajiri simu ililia kutoka nyumbani Afrika Mashariki. Binamu yake Bi. S., aliyekuwa akiishi kaskazini mwa New Jersey, amefariki. Watu walikuwa wakikusanyika nyumbani kwake, na mchango wa kusafirisha mwili ulikuwa umekwisha kuanza.

Asubuhi ile kila mtu alikuwa na simu mkononi. Bwana M. alitoa bastola kwenye droo, akaondoa magazini iliyokuwa ndani yake, akakagua chemba, akaifungia yote katika masanduku kama walivyokubaliana. Bi. S., akitafuta miwani na dawa za presha za mumewe, alikomba vilivyobaki kwenye droo hiyohiyo na kuvitia katika mkoba wa dawa na nyaraka. Kifuko cheusi kilikuwa miongoni mwa vitu hivyo.

Wakiwa njiani Bi. S. alimpigia wakili wa Texas aliyewahi kuwaandalia wosia, na kutokana na mazungumzo hayo wakabadilisha mpango. Waliingia Pennsylvania, wakatafuta kambi ya magari-nyumba upande wa mashariki wa jimbo, wakaliacha gari huko likiwa na bastola ndani ya stoo iliyofungwa, wakakodi gari dogo kwenda msibani.

Ndani ya New Jersey, jioni ya siku hiyohiyo, askari aliwasimamisha. Bwana M. alikuwa ameshika simu mkononi akiangalia njia, jambo ambalo sheria ya jimbo hilo inakataza kwa dereva. Alipoombwa leseni ya udereva, alitoa kadi mbili pamoja: leseni ya udereva na kibali cha Texas cha silaha. Askari akauliza silaha iko wapi. Akajibu kwa utulivu kwamba haipo ndani ya gari, imefungwa katika gari lao kubwa Pennsylvania. Baada ya maswali machache aliombwa ruhusa ya kupekua gari, akapewa fomu, akatia saini. Mkoba ulikuwa kiti cha nyuma, karibu na Kijana. Ndani yake kilikuwamo kifuko cheusi, na ndani ya kifuko magazini ya risasi 15 iliyojaa risasi zenye tundu kwenye ncha.

Askari alipomgeukia Kijana, Bwana M. alisema: “Mkoba ni wangu, na dawa zilizomo zina jina langu. Kijana hajui kilichomo.” Kauli hiyo ilikuwa ya kweli, na lebo za dawa ziliithibitisha.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi mkubwa zaidi ulikuwa kuliacha gari-nyumba Pennsylvania. Kutokwenda msibani hakukuwamo katika mjadala, kwa hiyo swali lilibaki kuwa bastola iende wapi. Fikra ya kwanza ya Bwana M. ilikuwa kuendelea nayo hadi New Jersey ikiwa imefungwa vilevile, kwa kuwa walikuwa bado safarini kwenda Maine na kifungu cha 926A kingewalinda. Wakili alimweleza kesi ya Revell, iliyoamuliwa mwaka 2010 na mahakama ya rufaa ya shirikisho inayosimamia eneo la New Jersey. Msafiri wa ndege, aliyekuwa na bastola iliyofungwa kihalali katika mzigo wake, alikosa ndege ya kuunganisha, akakabidhiwa mzigo, akalala nao hotelini, na asubuhi alipoirudisha silaha uwanjani akakamatwa. Mahakama ilisema kwamba usiku ule silaha na risasi zilikuwa mahali anapoweza kuzifikia, hivyo kinga ya kifungu haikumfunika, ijapokuwa kuchelewa hakukuwa kosa lake. Ikiwa hoteli moja ya kulazimika iliweza kukatiza kinga, siku mbili za msiba uani kwa jamaa zingeikatiza bila ubishi.

Fikra ya pili ilikuwa kumwachia jamaa wa New Jersey aitunze. Hii ndiyo njia ambayo wengi wetu tungeikimbilia, na ndiyo mbaya kuliko zote. Sheria ya shirikisho haimruhusu mtu binafsi kumkabidhi silaha mkazi wa jimbo lingine hivihivi, na sheria ya New Jersey humtaka anayepokea bastola awe na kibali maalumu cha jimbo hilo. Hisani hiyo ingemtia jamaa katika kosa pamoja na mgeni wake. Kuituma kwa kampuni ya vifurushi kulionekana kuwa rahisi mpaka walipogundua kwamba kampuni kubwa, kwa sera zao zenyewe, hupokea silaha kutoka kwa wafanyabiashara wenye leseni tu, na posta ya serikali haipokei bastola ya mtu binafsi kabisa.

Pennsylvania hutambua kibali cha Texas, na gari lililoegeshwa kambini huko halikuwa na utata. Hatari pekee ilikuwa wizi, nayo ilipunguzwa na kufuli mbili na uzio wa kambi. Uamuzi huu ulikuwa sahihi, na ndio uliomwokoa Bwana M.

Uamuzi wa kutoa kadi ya kibali kwa askari ulitokana na mazoea. Texas humtaka mwenye kibali anayebeba silaha aionyeshe kadi hiyo anapoombwa kitambulisho, na Bwana M. alikwisha kuifanya hivyo mara nyingi bila tatizo. Siku ile hakuwa amebeba silaha, na hakuwa Texas. Uamuzi wa kutia saini fomu ya upekuzi ulitokana na malezi: mtu mwenye heshima, asiye na cha kuficha, hamkatalii askari. Bi. S., aliyekuwa raia na aliyesoma sheria, alinyamaza kwa sababu hakutaka kumpinga mumewe mbele ya mgeni.

Matokeo

Bwana M. alifunguliwa mashtaka mawili ya daraja la nne chini ya sheria ya New Jersey: kuwa na magazini inayozidi risasi 10, kikomo kilichowekwa na jimbo hilo mwaka 2018, na kuwa na risasi zenye tundu kwenye ncha nje ya mazingira yanayoruhusiwa. Kila shtaka lilibeba hadi miezi 18 gerezani. Aliachiwa siku ileile kwa hati ya wito. Kijana hakushtakiwa. Waliwahi msibani usiku, na hawakumweleza mtu yeyote mpaka baada ya maziko.

Wakili wa New Jersey waliyempata alimwombea kuingizwa katika PTI, mpango wa jimbo hilo wa kumweka mkosaji wa mara ya kwanza chini ya uangalizi badala ya kumfikisha kwenye hukumu. Ombi lilikubaliwa, akamaliza kipindi chake bila tatizo, na mashtaka yakafutwa. Magazini na risasi hazikurudishwa. Safari ya Maine iliishia pale; baada ya msiba walirudi Pennsylvania, wakalichukua gari lao na kurejea Texas kwa njia ileile ya I-81, bastola ikiwa imefungwa stoo ya nje mpaka walipoingia Tennessee.

Maombi ya uraia ya Bwana M. yalisogezwa mbele kwa ushauri wa wakili wa uhamiaji. Fomu ya maombi huuliza juu ya kukamatwa na kushtakiwa, siyo kutiwa hatiani pekee, na kesi iliyofutwa lazima itajwe pamoja na nyaraka zake.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Ili kuona thamani ya uamuzi wa Pennsylvania, mtu alinganishe alichoshtakiwa Bwana M. na ambacho angeshtakiwa. Kuwa na bastola New Jersey bila kibali cha jimbo hilo ni kosa la daraja la pili, lenye kifungo cha miaka 5 hadi 10, na sheria ya jimbo hilo inayojulikana kama Graves huweka kiwango cha chini cha miezi 42 kabla ya kufikiriwa kuachiwa. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha Pennsylvania, alimwambia askari wa New Jersey kwa hiari yake kwamba ana bastola, akajikuta anakabiliwa na adhabu hiyo. Kesi yake ilizua kelele kubwa kiasi kwamba Septemba 2014 kaimu mwanasheria mkuu wa jimbo alitoa maelekezo ya kulegeza msimamo kwa wageni wa aina yake, na Aprili 2015 Gavana Chris Christie akamsamehe. Maelekezo yale yamesaidia, lakini ni busara ya mwendesha mashtaka, na mtu hawezi kuipangia safari.

Katika malori Bwana M. alikuwa amesikia mara nyingi kwamba uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Bruen, wa tarehe 23 Juni 2022, umefanya kibali cha jimbo moja kiwe halali kila mahali. Haukufanya hivyo. Ulizuia majimbo kama New York kumdai mwombaji athibitishe haja ya pekee ya kubeba silaha, na haukuyalazimisha kutambua vibali vya wengine. Ni jambo jema kwamba familia ilifuata kifungu na kuachana na mazungumzo ya vituo vya mafuta.

Kuifungia bastola mapema kulikuwa na faida nyingine ambayo wao wenyewe hawakuijua. Sheria ya shirikisho ya maeneo ya shule, iliyopigwa chini na Mahakama ya Juu mwaka 1995 katika kesi ya Lopez kisha ikarekebishwa na kurudishwa mwaka 1996, inakataza silaha ndani ya futi 1,000, kama mita 305, kutoka shule. Mwenye kibali husamehewa pale ambapo kibali kimetolewa na jimbo lilipo shule hiyo. Kibali cha Texas kwa hiyo humkinga mtu karibu na shule za Texas. Akipita mji mdogo wa Arkansas au Tennessee, kinachomkinga ni silaha isiyo na risasi iliyofungwa kwa kufuli. Barabara kuu nyingi hupita ndani ya umbali huo, na hapa ndipo mpango wao ulipokuwa na udhaifu tangu siku ya kwanza, kwani hadi Virginia bastola ilikaa imejaa ndani ya droo.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Wengi wakisikia kisa hiki hudai kwamba tatizo lilikuwa kutojua sheria ya New Jersey kuhusu magazini na risasi. Kujua kungesaidia kidogo tu, kwa sababu hakuna aliyekusudia kuvuka na kitu chochote. Chanzo kilikuwa tabia ya gari-nyumba lenyewe. Usiku ni chumba cha kulala, na mtu huweka vitu anavyovitaka karibu na mto. Asubuhi ni gari, na vitu vilevile vinapaswa kuwa mahali pengine kabisa. Mwenye gari dogo hufungia silaha kwenye buti mara moja na kuisahau. Mwenye gari-nyumba huitoa na kuirudisha kila siku, na kila mara kitu kimoja kinaweza kubaki nyuma.

Sheria haiutambui mgawanyiko huo wa usiku na mchana kwa kiasi ambacho watu hudhani. Katika kesi ya California v. Carney ya mwaka 1985, maofisa walilipekua bila hati gari-nyumba lililoegeshwa katikati ya jiji la San Diego. Mahakama ya Juu ilikubaliana nao: kitu chenye magurudumu kinachoweza kuondoka barabarani muda wowote ni gari, hata kama ndani yake kuna kitanda na pazia. Mahakama iliacha wazi hali ya gari lililopandishwa juu ya matofali au lililounganishwa na maji na umeme, lakini msafiri wa siku kwa siku asijengee matumaini hapo. Usemi wa kambini kwamba “hapa ni nyumbani kwangu” huwa na uzito mdogo mara tu injini inapowashwa.

Kifungu cha 926A kisingemsaidia Bwana M. siku ile hata kidogo. Risasi zilikuwa kwenye kiti cha abiria, na walikokuwa wakienda ilikuwa New Jersey yenyewe. Hata pale kinapomfaa mtu, kifungu hicho hufanya kazi kama utetezi baada ya kukamatwa. Katika kesi ya Torraco ya mwaka 2010, mahakama ya rufaa inayosimamia New York na Connecticut ilikataa kuwaruhusu wasafiri kuwadai fidia askari waliokipuuza.

Kuhusu fomu ya upekuzi, Mahakama ya Juu ya New Jersey iliamua mwaka 2002, katika kesi ya State v. Carty, kwamba askari aliyesimamisha gari kwa kosa la barabarani hana haki ya kuomba ruhusa ya kulipekua bila kuwa na shaka ya msingi. Wakili aliiandaa hoja hiyo na huenda ingefua dafu. Lakini kadi ya kibali iliyotolewa bila kuombwa ilimpa mwendesha mashtaka cha kujibu, na PTI ilikuwa njia ya uhakika zaidi kuliko kubahatisha. Kukataa upekuzi kwa maneno ya adabu, “Samahani afande, sitatoa ruhusa,” si utovu wa heshima mbele ya sheria ya Marekani, na wazee wa jumuiya wanaowaandaa wageni wangeifundisha sentensi hiyo pamoja na namba ya dharura.

Uzito wa kesi kwa asiye raia

Kwa raia, PTI ingekuwa mwisho wa habari. Kwa mwenye grini kadi, namna ya kuingia PTI ina uzito kuliko kuingia kwenyewe. Sheria ya uhamiaji ina maana yake ya neno hatia: mtu akikiri kosa, au akikubali mambo yanayotosha kumtia hatiani, na mahakama ikamwekea adhabu au kizuizi chochote, basi amehukumiwa, hata kama jimbo litafuta kesi baadaye. Na makosa ya silaha yana kifungu chao cha kumwondoa mtu nchini, ambacho hutaja pia sehemu na vifaa vya silaha. Wakili wa jinai kwa hiyo alisisitiza kwamba Bwana M. aingie bila kukiri chochote. Tangu kesi ya Padilla v. Kentucky ya mwaka 2010 mawakili wa utetezi wanawajibika kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa, lakini mteja asiyetaja hali yake ya ukaazi humfunga wakili mikono. Bi. S. aliitaja katika simu ya kwanza, na hilo lilikuwa na faida kubwa kama uamuzi wa Pennsylvania.

Aliyekuwa karibu zaidi na shimo ni Kijana. Kifungu kinachomkataza hakihitaji awe mmiliki. Kinahitaji ajue kitu kipo na aweze kukitawala. Mkoba wenye risasi ulikuwa kando ya paja lake. Kilichomkinga ni kutojua kwake, na maneno ya mjomba wake yaliyosemwa mapema na kuungwa mkono na lebo za dawa. Tennessee hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani aliendesha gari akijua fika kwamba bastola imo ndani ya droo. Mwaka 2019, katika kesi ya Rehaif, iliyomhusu mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya masomo na kwenda kulenga shabaha, Mahakama ya Juu ilisema serikali lazima ithibitishe kwamba mshtakiwa alijua hali yake ya ukaazi inayomkataza. Kwa mwanafunzi anayesaini karatasi za viza yake kila mara, utetezi wa kutojua hali hiyo ni mwembamba.

Baada ya kisa hiki jamaa walipendekeza Kijana achukue leseni ya uwindaji ya Texas, ili aingie katika ruhusa iliyotajwa na sheria. Wakili wa uhamiaji alikubali kwamba ruhusa hiyo ipo kweli, ila akaonyesha kwamba leseni huisha muda wake, na kwamba haigusi hata kidogo makosa ya jimbo kama yale ya New Jersey. Familia iliamua vinginevyo. Masanduku sasa yana karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko, inayotaja bastola moja na idadi ya magazini na risasi zinazopaswa kuwamo, na gari haliwashwi asubuhi kabla Bwana M. na mkewe hawajaihesabu pamoja. Funguo hazimfikii Kijana, na siku ambayo yeye atahitajika kushika usukani, bastola hubaki Texas.